Uliza Mkalimani: Mahakama Imeruhusu Bastola, Je Na Mimi Nibebe?

Tangu toleo lililopita niliposema maneno mawili matatu kuhusu bastola na ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani, simu yangu haijapumzika. Meseji, voisi, na baba mmoja kaniletea barua ya kurasa nne kaandika kwa mkono. Kwa ambao hawakufuatilia: tarehe 23 Juni 2022 majaji sita dhidi ya watatu waliifuta sheria ya jimbo la New York iliyokuwa inamtaka mtu anayetaka kutembea na bastola aeleze kwanza ana sababu gani maalum, sababu inayomtofautisha na jirani zake. Sheria ile mzizi wake ni wa 1911. Mimi sio wakili, mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani huku magharibi mwa New York, na kazi hii imenifundisha kitu kimoja, kwamba neno moja likieleweka vibaya linaweza kumtoa mtu ndani ya nchi. Kwa hiyo naomba msome taratibu.

Shangazi shikamoo. Mimi nakaa East Side hapa Buffalo, nilikuwa nanunua vitu Tops ya Jefferson kila Jumamosi. Jumamosi ile mtoto aliamka na homa sikwenda. Kila nikisikia watu wanashangilia eti mahakama imerudisha haki ya silaha nashindwa kuelewa, haki ya nani? Maiti kumi zile hawakuziona? (Mama wa watoto wanne, Buffalo)

Marahaba mama, na pole, najua pole haitoshi. Nikwambie kitu ambacho sijakisikia kikisemwa na mtu mwingine. Mauaji ya Tops, pale mtu alipoingia na bunduki kwenye supamaketi ile akaua watu kumi, yalikuwa tarehe 14 Mei mwaka huohuo wa 2022. Hesabu na vidole, hukumu ilitoka siku ya 40 tangu siku ile. Sisi tunajua arobaini ni nini, ni siku ya kukaa na wafiwa na kuwaombea marehemu, na siku hiyohiyo ndo familia za Jefferson zilifungua tivii zikakuta watu wanapongezana. Na katikati hapo, tarehe 24 Mei, wakauawa watoto 19 na walimu wawili kule Uvalde, Texas. Kwa hiyo uchungu uliokupata haukuwa wako peke yako, Gavana Hochul wa New York mwenyewe ni mtu wa Buffalo na siku ile alisema wazi kwamba ameshtushwa, na Rais wa wakati huo, Biden, akasema hukumu inapingana na akili ya kawaida na Katiba pia.

Sasa waliona au hawakuona? Waliona. Kesi ilisikilizwa Novemba 2021, kabla ya Tops, ila hukumu iliandikwa na kutolewa damu ikiwa haijakauka na majaji waliizungumzia ndani yake. Jaji Alito, mmoja wa wale sita, aliuliza, hiyo sheria ya New York inayowakataza watu kubeba bastola ilimzuia vipi yule muuaji wa Buffalo? Na kwa kweli haikumzuia. Alikuwa kijana wa miaka 18 na alitumia bunduki ndefu aliyoinunua dukani kihalali, sheria ya bastola haikumgusa. Upande wa pili Jaji Breyer alianza maelezo yake ya kupinga na namba moja: Wamarekani 45,222 walikufa kwa silaha za moto mwaka 2020. Alianza hivyo makusudi, alitaka wenzake wahesabu watu kwanza ndo waje kwenye vitabu.

Mimi maoni yangu ni haya. Hoja ya Alito inajibu swali la bunduki moja na siku moja, haijibu hofu ya mama anayepanga foleni ya mkate. Na wanaosema dawa ni kila mtu mwema awe na silaha, pale Tops kulikuwa na mlinzi, polisi mstaafu, alikuwa na bastola yake, aliitumia, na risasi ilimpata yule kijana ikagonga fulana ya kuzuia risasi. Mlinzi akafa. Alifanya kila kitu ambacho mtu jasiri angefanya mama, na bado alikufa.

Ni kweli siku hizi Marekani mtu yeyote anaweza kutembea na bastola bila kibali, kwa sababu ya mahakama? (Msomaji, Mwanza)

Umechanganya mambo mawili. Majimbo zaidi ya nusu yanaruhusu kubeba bila kibali, lakini hayo yaliamua yenyewe kwenye mabunge yao, wengine miaka mingi kabla ya hukumu hii. Mahakama iligusa yale machache yaliyokuwa yanadai sababu maalum: New York, New Jersey, California, Maryland, Massachusetts na Hawaii. Ni machache kwa idadi ila ndani yake mna miji mikubwa na watu wengi mno. Na hata hayo hayakuambiwa yaache kutoa vibali. Jaji Kavanaugh, ambaye alikuwa upande wa walioshinda, aliandika kabisa kwamba jimbo linaweza kuendelea kudai leseni, alama za vidole, uchunguzi wa rekodi yako na mafunzo. Kilichoondolewa ni afisa kukutazama usoni na kukwambia sababu yako haijaniridhisha.

Shangazi mimi kuna kitu kinanichanganya. Nilidhani watu weusi wote walikasirika na hii hukumu lakini jamaa nafanya nae kazi, Mmarekani mweusi, yeye aliifurahia kweli, anasema ile sheria ilikuwa ya kutufunga sisi. Yupo sahihi? (Kaka, Columbus, Ohio)

Kaka, huyo jamaa yako hajaitoa hewani. Kwenye kesi hii, pamoja na vyama vya wenye silaha, kulikuwa na kundi ambalo watu hawakulitegemea: mawakili wanaowatetea masikini mahakamani, wa Bronx na Brooklyn na kwingineko, wakiwemo mawakili weusi. Waliiandikia Mahakama ya Juu wakiunga mkono sheria ifutwe. Maelezo yao yalikuwa hivi kwa ufupi, kwamba kila mwaka wanatetea mamia ya watu walioshtakiwa kwa kukutwa na silaha bila leseni na karibu wote ni weusi au Walatino, wengi waliibeba kwa kuogopa mtaa wao, na leseni wasingeipata hata wangeomba kwa sababu anayeamua nani ana sababu ya kutosha ni afisa. Mwenye duka la vito alikuwa anaipata, jaji mstaafu anaipata, mtoto wa Bronx anaenda jela.

Hili mimi nimeliona kwa macho yangu ingawa siwezi kusema kesi ya nani. Unakaa pembeni ya kijana unamtafsiria maneno "miaka mitatu na nusu" maana ndo kima cha chini kwa kukutwa na bastola yenye risasi nje ya nyumba yako hapa New York, na inaweza kufika 15, na kijana anakuuliza kwa Kiswahili, kwani nilimpiga nani? Hajampiga mtu. Kwa hiyo nikiwasikia wale mawakili nawaelewa kabisa.

Lakini pia niliwasikia kina mama wa mitaa hiyohiyo waliozika watoto wakisema bastola zikizidi mtaani hazitauliza ngozi. Meya wa New York wakati huo, Eric Adams, mtu mweusi na polisi wa zamani, alisema hawezi kukubali mji wake ugeuke kama enzi za makauboi. Kwa hiyo usitafute jibu la "weusi wanasemaje", kila mmoja anasema kutokana na jeneza alilolibeba au jela aliyoionja.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nilikuja kama mkimbizi na familia kutoka kambi ya Nyarugusu, sasa hivi nina grini kadi. Nafanya delivari usiku. Nimeshaporwa mara mbili, mara ya pili walinitolea mguu wa kuku wakaniwekea hapa kwenye mbavu, wakachukua simu na hela. Washkaji wananiambia saivi mahakama imesema ni haki yangu so nichukue tu chuma, kuna mtu anauza bei poa. Wengine wanasema kanunue Pennsylvania ni rahisi. Nifanyeje maana naogopa kweli. (Kijana wa delivari)

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza kuogopa kwako sio ujinga, mtu kawekewa bastola mbavuni asiogope? Hata wale wanaume wawili waliofungua kesi hii, watu wa Rensselaer karibu na Albany, mmoja wao alieleza kwamba kulikuwa na uporaji karibu na kwake. Kwa hiyo mahakamani kilifika kitu kinachofanana na chako. Sasa nisikilize kwa makini hapa.

Huyo mtu wa bei poa usimsogelee. Usimpigie, usikutane nae, futa namba. Kwa sababu hukumu haikusema silaha bila leseni ni halali, na mtu mwenye grini kadi akipatikana na hatia ya kosa la silaha, kosa hilo lenyewe linatosha kumfungulia kesi ya kurudishwa. Sheria ya uhamiaji ina kipengele chake cha silaha peke yake, haihitaji uwe umemuumiza mtu. Mwenzako aliyezaliwa hapa atatumikia kifungo atoke arudi kwa mama yake, wewe ukitoka unaweza kukuta maafisa wa uhamiaji wanakusubiri mlangoni. Na wewe ulitokea kambini mwanangu, watakurudisha wapi? Washkaji wanaokwambia "ni haki yako" hawatakuwepo siku hiyo.

Ya Pennsylvania pia achana nayo. Vibali vya jimbo lingine New York haivitambui, hata kimoja. Ukivuka mpaka na bastola uliyoinunua mji wa Erie, kule Pennsylvania, ukasimamishwa na trafiki huku Buffalo umeingia kwenye ile miaka mitatu na nusu. Na kwa vile delivari zenu wakati mwingine zinawapeleka mpaka darajani, ukikosea njia ukajikuta upande wa Kanada na silaha ndani ya gari hiyo ni kesi nyingine ya nchi nyingine.

Njia halali ipo na haijafungwa kwako. Sheria ya shirikisho inawazuia wasio na makaratasi, na walio wengi kwenye viza za muda, mwenye grini kadi haimzuii kwa sababu hiyo. Ila baada ya hukumu Bunge la New York liliitwa haraka, na tarehe 1 Julai 2022 wakapitisha sheria mpya iliyoanza kazi Septemba. Hiyo ndo inayokuhusu. Inataka uwe na miaka 21, watu wanne wa kukudhamini tabia, usahiliwe ana kwa ana, na mafunzo ya saa 16 darasani na saa mbili za kulenga shabaha. Kulikuwa na sharti la kuorodhesha akaunti zako za mitandaoni, hilo mahakama ya rufaa ililizuia. Leseni yenyewe kwetu huku hushughulikiwa kaunti, na majibu hayaji kesho.

Sasa tuseme umeipata. Fikiria kazi yako ilivyo. Sheria hiyohiyo imetaja sehemu ambazo huruhusiwi kuingia na silaha hata uwe na leseni: shule, hospitali, vituo vya kulea watoto, bustani za umma, mabasi na treni, baa na sehemu zinazouza pombe ya kunywea pale pale, na kule jijini mpaka Times Square wameweka vibao. Nyingi ya hizo mahakama za rufaa zimeziacha zisimame. Wewe unapeleka chakula kwa manesi wa zamu ya usiku, kwa walinzi wa shule, unachukua oda baa. Ungekuwa unaivua na kuifungia kwenye gari mara ngapi kwa usiku mmoja? Na waporaji wale wanakuvizia ukishuka garini.

Jambo la mwisho nitalisema kama mama. Kama unavuta bangi, hata hii inayouzwa madukani kwa halali hapa New York tangu sheria ibadilike, jua kwamba fomu ya kununulia silaha inakuuliza swali hilo na inakuonya kabisa kwamba serikali ya shirikisho haijairuhusu hata kama jimbo limeiruhusu. Ukidanganya kwenye fomu ile umefanya kosa la jinai kwa mkono wako na saini yako. Na kama nyumbani kuna wadogo zako, silaha lazima ifungiwe. Kwenye ile namba ya 45,222 niliyoitaja juu, watu 24,292 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Hii huwa haisemwi kwenye vijiwe. Mtu ana stresi, hana kazi, ameachwa, usiku mmoja tu, na chuma kipo kabatini. Kwetu tuliotoka vitani watu wana mambo mengi vifuani hawajawahi kumwambia mtu.

Kabla ya bastola jaribu haya: omba zone nyingine au mchana, acha kukubali oda za kulipwa keshi, na uporaji ule karipoti polisi kama bado, kwa maana ukiwa muathirika wa uhalifu kuna mfuko wa jimbo wa kufidia baadhi ya hasara na matibabu. Ukitaka kuja kuongea njoo, watu wa gazeti wana namba yangu.

Mbona majaji wa nchi kubwa hivyo wanaamua mambo ya leo kwa kuangalia miaka ya 1700? Mimi ni mwalimu wa historia na hata mimi nimeshangaa. (Mwalimu, Mombasa)

Mwalimu umegusa penyewe. Watu wengi waliona hukumu ni ya leseni tu, kumbe kitu kikubwa zaidi kilikuwa namna ya kupima. Jaji Clarence Thomas aliyeiandika alisema sheria ya silaha ikipingwa, serikali haitoshi kuonyesha kwamba inaokoa maisha, lazima ionyeshe kwamba inaendana na desturi ya nchi ya kudhibiti silaha, tangu enzi za Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayotaja haki ya silaha, 1791. Enzi hizo silaha ya mtu ilikuwa gobore. Unaweka baruti, unashindilia, unapiga moja, unaanza upya. Ndo maana Gavana Hochul alijibu kwa hasira kwamba kama ni kurudi enzi zile, yuko tayari turudi na magobore yake.

Matokeo yake mahakama za chini zilivurugika. Jaji mmoja wa shirikisho kule Mississippi, Carlton Reeves, aliuliza hadharani kama inabidi amteue mwanahistoria amsaidie kuamua kesi, kwa sababu majaji hawakusomea hiyo. Halafu Februari 2023 mahakama ya rufaa ya kule kusini ikasema sheria inayomnyang'anya silaha mwanaume aliyewekewa amri ya kutomsogelea mwanamke aliyempiga, sheria hiyo pia haina mfano wa zamani, kwa hiyo ianguke. Hapo kina mama waliinuka nchi nzima, na mimi nilikuwa mmojawapo niliyelia, kwa sababu nimetafsiri amri hizo nyingi na najua wiki mbili za mwanzo baada ya kuipata zinavyokuwa kwa mwanamke. Ilibidi Mahakama ya Juu yenyewe irudi Juni 2024 kuinusuru ile sheria, nane kwa mmoja, Jaji Mkuu Roberts akiandika kwamba hawakumaanisha kila sheria iwe na pacha wake wa zamani. Huyo mmoja aliyepinga alikuwa Thomas, mwandishi wa hukumu ya kwanza. Wenzake aliokuwa nao 2022 wote walimwacha.

Kwa hiyo swali lako mwalimu, mimi naona historia ni shahidi mzuri sana lakini kumfanya yeye ndo hakimu ni kumtwisha mzigo. Mwanamke wa 1791 karibu kote hakuwa na kura wala amri ya kumlinda na mumewe, sasa utamtafutia wapi mfano?

Na kwetu Kenya mahakama inaweza kuamka siku moja ikasema silaha ni haki? (Nairobi)

Katiba ya Kenya haina kipengele cha haki ya kumiliki silaha, ya Tanzania pia haina. Kote kuwili leseni ni kitu unachopewa na unaweza kunyang'anywa. Hapo Kenya mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliambiwa wakahakikiwe upya. Kwa hiyo njia waliyopitia Wamarekani haipo.

Shangazi, ni mimi wa barua ya mkono. Kanisani kwetu West Side tunaabudu kwa Kiswahili, wengi ni wa kutoka Kivu. Baada ya Tops kijana mmoja alianza kuja na bastola ndani ya koti, anayo leseni, anasema analinda kondoo. Wazee tumegawanyika. Mke wangu alikimbia bunduki Uvira, akiiona tu hawezi kusali, anatoka nje anakaa kwenye gari. Sheria inasemaje na tufanyeje? (Mzee wa kanisa, Buffalo)

Mzee wangu, shikamoo. Kisheria, nyumba za ibada ziliwekwa kwenye orodha ya sehemu zilizokatazwa mwaka 2022, makanisa kadhaa yakaenda mahakamani, na 2023 Bunge la jimbo likalegeza: anayeruhusiwa ni yule ambaye kanisa limemkabidhi kazi ya ulinzi. Sio kila mwenye leseni anayejisikia. Kama wazee hamjakaa mkamteua huyo kijana basi anajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa kila Jumapili, na ninyi mmekaa kimya. Mwambieni wiki hii, kwa upole, kabla hajaingia tena nayo, maana namwona ni mtu aliyeguswa na kilichotokea, hana nia mbaya.

Kisha kaeni muamue. Mkisema tunataka ulinzi, andikeni, mpeni mtu kazi hiyo kwa jina, na akae mlangoni nje ya ukumbi. Mkisema hatutaki, semeni pia mbele ya watu wote. Ila kabla ya kikao naomba kitu kimoja, msianze na vijana wala wanasheria. Muanze na mkeo, na wamama wengine ambao nina uhakika wapo ila hawajatoka nje kwa aibu, wakae mbele waseme kwanza wakiona ile koti inavyotuna wanakumbuka nini. Mpelekee salamu zangu pale kwenye gari.